Baba Alipomtembeza Mama Mkwe Mjini

Baba yangu alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kifupi na kikavu, na kilisikika nyumbani kwetu pale tu bibi yangu mzaa mama alipokuwa ndani. Baba alikitoa akiwa bado uani, karibu na karo la kufulia, na papo hapo ndani shughuli ilianza: bibi anavuta upindo wa kanga kufunika uso, anageuza kigoda kuelekea ukutani, mama anashusha pazia la mlango. Yote yakishakaa sawa mama alisema, "Haya," na baba akaingia ameinamisha kichwa, akachukua alichokifuata, kofia ya kazi au shati lililopigwa pasi, akatoka kinyumenyume. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husikia adhana ya alfajiri au kengele ya shule. Mimi humsikia mwanamume mzima anakohoa nje ya nyumba yake mwenyewe, akiomba ruhusa ya kuingia.

Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya ukwe. Kwa Waluguru wa upande wa mama, na kwa Wanyamwezi wa upande wa baba vilevile, mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Wasiojua hudhani ni chuki. Sivyo hata kidogo, ni namna ya kupendana kwa kukaa mbali, na aibu iliyo kati yao hutunzwa vizuri kuliko vyombo vya wageni. Kule mlimani haikuwa taabu, maana nyumba zimetawanyika na migomba ya kujifichia ni mingi. Sisi tulikaa katika nyumba za reli mjini Morogoro, vyumba viwili na jiko la uani. Baba alikuwa karani wa stesheni, mtu wa Tabora ambaye kazi ilimleta huku akamkuta mama anauza karoti sokoni, na hadithi yao ikaanzia kwenye fungu la karoti. Kinachonichekesha hadi leo ni kwamba Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Baba alitaniana na Uluguru nzima, wauza ndizi, mafundi baiskeli, hata imamu akiwa nje ya msikiti. Aliyekuwa hawezi kumtania ni mwanamke mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuja kukaa kwetu.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo ya mwezi wa sita, msimu ambao ukungu hushuka kutoka mlimani na watoto wanakwenda chooni asubuhi wamejifunika shuka. Habari ililetwa na dereva wa lori la ushirika lililokuwa likibeba mboga kutoka Mlali. Bibi amesema anakuja. Alikuwa ameshafika mjini mara kadhaa, lakini kila mara kwa shida: kuuguza, kuzika, kusuluhisha ndoa za watu. Safari hii anataka kuja kutembea tu, aonyeshwe huo mji watu wanaousifia, apumzike siku mbili tatu. Dereva alimaliza soda aliyokaribishwa, akafuta mdomo, ndipo akatoa sehemu ya pili ya ujumbe kama vile ni jambo dogo: akirudi, bibi atarudi na Zuhura.

Zuhura ni mimi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la bibi lilitoka kwa mama yake, ambaye naye alilipata kwa mama yake. Bibi alizaa mabinti wawili. Mmoja alifariki akaacha wavulana watupu, ambao wangeoa na kuhamia kwa wake zao. Mwingine ndiye mama, aliyeolewa mjini na mtu wa reli. Bibi alihitaji msichana wa kukaa naye, ajifunze mipaka ya shamba na makaburi yaliyomo, aote mizizi pale. Mama hakuwa na la kusema, nani anamkatalia mzazi wake? Baba ndiyo kabisa, mtu hawezi kubishana na mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Nami nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nilimpenda sana bibi, na moshi wa kuni uliokolea kwenye kanga zake, na magimbi yake ya kuchoma, lakini nilimpenda baba zaidi, na sioni aibu kulisema. Lori la mboga lingerudi Jumatatu. Siku zile zote nilikuwa naliona lile lori hata nikifumba macho.

Bibi alifika Ijumaa na kikapu cha njegere, mkungu wa ndizi na mwavuli mweusi. Baba alikuwa ameshahamishia godoro lake kwa karani mwenzake, nyumba ya tatu, kwa sababu kulala chini ya paa moja na mkwe kusingewezekana. Alikuja jioni, akachuchumaa nyuma ya ukuta wa jikoni, akasema, "Shikamoo mama." Bibi akajibu kutoka upande wa pili, "Marahaba mwanangu, hujambo? Wazima huko kwenu?" Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Kisha baba aliniita, akaninong'oneza maneno ya kumpelekea mama, na mama alipoyasikia nusura aangushe sufuria. Baba amechukua likizo. Kesho yeye mwenyewe atamtembeza bibi mjini.

"Atamtembezaje mtu asiyeweza kumwona?" mama aliniuliza mimi, kana kwamba wazo lilikuwa langu. Nikakimbia uani kuuliza, nikarudi na jibu: baba atatangulia, mama na bibi watafuata nyuma, na Zuhura atakaa katikati.

Ndivyo tulivyokwenda. Mbele kabisa baba, kanzu nyeupe na koti la stesheni juu yake, mikono nyuma, shingo imekaza isije ikageuka kwa bahati mbaya. Nyuma kabisa bibi, ameufungua mwavuli wake ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kutisha, ameushusha mbele ya uso hata miguu tu ndiyo iliyoonekana, na mama amemshika mkono asijikwae. Katikati mimi, naenda mbele narudi nyuma, nimevaa viatu vya shule. Watu walisimama kututazama. Fundi cherehani mmoja wa barazani, mtani mkubwa wa baba, alipiga kelele: "We Mnyamwezi! Mbona unamkimbia mgeni? Umemwibia kuku?" Siku nyingine baba angesimama amjibu mpaka barabara nzima icheke. Siku hiyo alimeza jibu lake, akaongeza mwendo. Nyuma ya mwavuli nilisikia bibi anacheka kwa pua.

Kulikuwa na utaratibu wake. Baba alisimama mbele ya jengo, akalitazama yeye, akasema kwa sauti ya kutosha, "Zuhura, mwambie bibi yako hili ndilo boma alilojenga Mjerumani." Bibi alikuwa amesikia, hakuwa kiziwi. Lakini neno lilikuwa halijafika kwake mpaka mimi nikimbie nimwambie, "Bibi, baba anasema hili ndilo boma alilojenga Mjerumani." Hapo ndipo aliposhtuka, "Ala! Kubwa hivi? Muulize baba yako, walipikia wapi?" Na baba, aliyeshasikia swali, alisubiri kwa adabu mpaka limfikie kwa mdomo wangu, ndipo akajikuna kichwa na kukiri kwamba hilo la jiko hajawahi kulichunguza. Tulizunguka hivyo siku nzima. Tuliona soko, tukaona mto unavyopita katikati ya watu wanaofua, tukaona sinema kwa nje. Baba alisimulia mji wa kale wenye ukuta wa mawe uliokuwa hapa Morogoro zamani za misafara ya Wanyamwezi, na kwamba kuna wakati ulitawaliwa na mwanamke. Bibi alilipenda hilo. Alinituma nikamwambie baba arudie, na baba akarudia, safari hii akiongeza malango ya mbao zilizochongwa. Nadhani mengine aliyatia chumvi ili amfurahishe.

Nilichukua muda kugundua kwamba baba hakuwa anamwonyesha bibi mji tu. Alisimama kwenye shule yangu. "Mwambie bibi yako hapa ndipo unaposoma, na mwalimu anasema una kichwa." Alisimama hospitalini. "Mwambie bibi yako, mwaka juzi ulipopata surua hapa ndipo ulipopona." Alisimama kwenye maktaba, ambayo Jumamosi mchana ilikuwa imefungwa, akaeleza vitabu vilivyomo kimoja kimoja kupitia dirishani. Kila alipomaliza, bibi alijibu kwa upole wake: mwambie baba yako hata kwetu shule ipo, mwambie maji ya kwetu hayaleti surua, mwambie hadithi za kwetu hazina haja ya kufungiwa ndani. Nilikimbia huku na huko nikiwa na maneno yanayonihusu mimi mwenyewe, nikijitaja kama mtu mwingine, na kila jibu la bibi lilinisogeza karibu na lile lori. Usiku ule mimi, mama na bibi tulilala kitanda kimoja, nami nikajibana kwenye mgongo wa mama bila kusema kwa nini.

Jumapili baba aliacha stesheni iwe ya mwisho, maana ndiyo aliyoipenda. Tulipofika, minong'ono ilikuwa imeenea kwamba duka la ushirika jirani limeshusha sukari. Miaka ile neno sukari lilitosha kumwinua mgonjwa. Mama aliniangalia, akamwangalia mama yake, akamwangalia mumewe aliyempa mgongo, akasema, "Zuhura, kaa nao, usibanduke hata kidogo," akaikimbilia foleni. Bibi aliketi kwenye benchi refu la mbao la jukwaani, lile lenye viti pande mbili na egemeo moja katikati, akaelekea kwenye milima. Baba aliketi upande wa pili, akaelekea relini. Mgongo kwa mgongo, mwavuli wazi begani kwa bibi. Mimi nilisimama kwenye ncha ya benchi, nikiwa mlango kati yao.

Ningekaa hapo kama nilivyoagizwa, lakini treni ya mizigo iliingia. Kichwa chake kilikuja polepole, ardhi inatetemeka, na dereva aliyemfahamu baba akanipungia mkono nikapande nione ndani. Mtoto gani angebaki? Nilikwenda. Nilishika chuma cha moto, nikavuta kamba ya honi, nikapata masizi puani, na nilipokumbuka agizo la mama nilishuka mbio, nikijua nimewaacha watu wawili ambao hawawezi kusemezana.

Nilisikia sauti zao kabla sijatokeza nyuma ya rundo la magunia ya sufi. "Zuhura," baba alikuwa anasema, akitazama relini, "mwambie bibi yako kwetu ni huko reli inakokwenda, na ni mbali." Aliacha nafasi ya mimi kulirudia, nami sikuwepo. Bibi naye akaisubiri hiyo nafasi ipite, kisha akasema akitazama milima, "Zuhura, muulize baba yako mama yake yuko hai?" Nafasi. "Mwambie alifariki nikiwa zamu hapa. Treni ilinifikisha wameshamzika." Nafasi, ndefu kuliko zote. "Mwambie baba yako nimempa pole." Walikuwa wanazungumza kupitia kwangu, na mimi niko nyuma ya magunia. Hawakuvunja heshima hata punje. Waliniweka pale penye benchi kwa maneno, wakanipa muda wa kukimbia huku na huko, na hakuna aliyegeuza shingo kuhakikisha kama nipo.

"Zuhura," baba alisema tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mwambie bibi yako simkatalii. Mtoto ni wa kwao, najua. Mwambie hizi siku mbili nimemwonyesha mji mzima, na kitu nilichotaka kumwonyesha si mji. Mwambie hapa Morogoro nina wenzangu wa kazi na nina watani, lakini mtu wa damu yangu ni huyu mmoja. Mwambie akimtaka, nitampakia mwenyewe kwenye lori." Nikasikia anavuta kamasi. Sikuwahi kumsikia baba analia, na hata siku hiyo sitaapa kwamba alilia.

Bibi aliufunga ule mwavuli. Aliufunga, akauweka chini, uso wake wazi kabisa, ingawa mbele yake palikuwa na milima tu. "Zuhura, mwambie baba yako sikuja kumnyang'anya mtu. Nimekaa peke yangu mpaka nikasahau kwamba na wengine wapo peke yao. Mwambie abaki na mwanawe. Lakini kila likizo amlete, na amlete mwenyewe, asimtume na dereva. Akae huko migombani akitaka, nitampelekea chakula chake. Nataka nisikie mtu amefika."

Nilisubiri kidogo, nikapangusa masizi, nikatokea nikihema. Bibi alikuwa ameshaufungua mwavuli. "Ulikuwa wapi wewe?" aliniuliza kwa ukali. Nikasema nilikuwa kwenye treni. "Haya, mwambie baba yako nimechoka, twendeni nyumbani." Nikamwambia. Mama alirudi na sukari yake kwenye karatasi, akatukuta tunamngoja, kila mmoja mahali pake.

Jumatatu lori liliondoka bila mimi, na nililia kwa sababu bibi alikuwa anaondoka, jambo ambalo mama hakulielewa kabisa. Baba alitimiza agizo la bibi. Kila likizo tulishuka Mlali, tukapanda ile njia ya utelezi mpaka kwa bibi, na baba aliishia kwenye migomba ya mwisho. Pale bibi alimtengenezea kibanda cha majani ya migomba, na kila jioni nilikuwa na kazi ya kupeleka bakuli la kunde na maneno, na kurudisha bakuli tupu na maneno. Waliongea mvua, bei ya kabichi, habari za redioni, Azimio la Arusha lilivyowafaa na lilivyowachosha. Nilikuwa nimeshaingia sekondari bibi alipofariki. Baba alisimama mbali na kaburi, penye migomba, na watu walipomaliza dua aliniita. "Mwambie bibi yako nimefika," alisema. Nikarudi kaburini, mbele ya watu wote, nikamwambia. Sijawahi kubeba ujumbe mzito kama ule.

Sasa mimi ndiye mama mkwe. Nimestaafu, naishi mlimani kwenye shamba lile lile, na binti yangu yuko Dar es Salaam na mume wake, kijana wa Mbeya, mchangamfu, ambaye siku ya kwanza tu alinikumbatia mbele ya watu nikabaki nimekauka. Anakula kwenye meza yangu, ananichagulia kipapatio cha kuku, ananipigia simu kuliko binti yangu. Juzi walikwenda mapumziko ya siku nne Moroko, katika mji wa Fez, na mkwe wangu akanitembeza kwa simu ya video. Uso wake ulijaa kwenye kioo, akaugeuzia simu ukuta wa kale, kisha vichochoro ambavyo punda na mtu hawapishani, kisha madimbwi ya rangi ambamo wanalainisha ngozi za wanyama, huku akinieleza kila kitu bila mtu wa katikati. "Mama, unaona? Mama, sogeza simu uone vizuri." Niliona. Ni mji mzuri. Na ni raha, sitadanganya, mkwe kuwa mtoto wako kabisa, anakutazama machoni na kucheka na wewe. Baba angezimia.

Mjukuu wangu Nuru ana miaka minane. Shamba lina mipaka ambayo mimi tu ndiye ninayeijua sasa, na makaburi yaliyomo, likiwemo la bibi. Nimetaka kuwaambia kwa muda mrefu kwamba namwomba Nuru aje kwangu, si kuhamia kabisa, hata likizo tu. Ile siku ya Fez ilikuwa nafasi nzuri, mkwe wangu amefurahi, moyo wake uko wazi. Aliona nimenyamaza. Akasogeza uso karibu kabisa na kioo, akaniangalia kwa yale macho yake ya upendo, akasema, "Mama, una jambo. Niambie mimi, sema tu." Nilimtazama. Nilitafuta neno la kuanzia, nikakosa pa kuweka macho yangu. Nikamwambia mtandao wa huku mlimani unasumbua, wasalimie, tutaongea mkirudi.